SOMO LA AFYA: KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

 

Katika shule tunazotembelea huku Kitangari, Newala na Masasi huwa tunaacha sanduku la maswali. Unaandika swali lako bila jina, unalitumbukiza, nasi tunalijibu mbele ya wote. Kuna swali moja ambalo halikosekani. Linaandikwa hivi au vile, lakini maana yake ni ile ile: kwa nini hawa machangudoa wasikamatwe wote, UKIMWI uishe?

Ni swali la haki. Mwenye kuuliza ameona mjomba au shangazi akiugua, au amesikia watu wazima wakizungumza barazani, na anataka ugonjwa uishe. Leo tulijibu taratibu, kwa mifano ya kweli. Nadhani jibu litakushangaza kidogo.

KWANZA TUELEWANE MANENO

Watu wana majina mengi ya kumwita mwanamke anayepokea fedha kwa ajili ya ngono: malaya, changudoa, na mengine ya matusi zaidi. Katika somo hili tutasema "wanawake wanaofanya biashara ya ngono". Ni maneno marefu, najua. Lakini jina la tusi lina kazi yake: linakufanya usimwone mtu. Na usipomwona mtu, huwezi kumfundisha wala kujifunza kwake.

Jambo la pili. Biashara hii hairuhusiwi na sheria za Tanzania. Hatuisifu, wala hatumshawishi mtu kuiingia. Tunazungumza habari za kuzuia ugonjwa kati ya watu waliomo tayari, kwa sababu virusi havingoji mtu abadilishe kazi ndipo vimwingie.

Jambo la tatu, na ulishike vizuri: msichana aliye chini ya miaka 18 anayelipwa na mtu mzima hafanyi "biashara". Huyo ni mtoto anayetendewa kosa la jinai, na mkosaji ni yule mtu mzima. Tutalirudia hili mbele.

NAIROBI, MWAKA 1985

Sasa twende Kenya. Mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi kuna mtaa wa zamani unaoitwa Majengo, katika eneo la Pumwani. Ni mtaa wa vyumba vidogo vya kupanga. Kwa miaka mingi wanawake wengi wa pale wameishi kwa biashara ya ngono. Baadhi walikuwa Wakenya, wengine walitoka Uganda, na wengine walitoka hapa kwetu Tanzania, hasa upande wa Bukoba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa kama kisonono na pangusa. Mmoja wao alikuwa kijana daktari Mkanada, Frank Plummer. Walipopima damu ya wanawake wa biashara hii mwaka 1985, walikuta jambo la kutisha. Kati ya wanawake maskini zaidi, kila watatu, wawili walikuwa na virusi vya UKIMWI (VVU).

Hebu simama hapa, fikiri. Watu wengi wakisikia habari hiyo husema, "Si unaona! Hao ndio walioleta UKIMWI." Lakini mwanamke haoti VVU kama mti unavyoota majani. Kila mmoja wa wanawake wale aliambukizwa na mtu. Mtu huyo alikuja na fedha mfukoni, akaondoka, na hakuna aliyempima wala kumwita jina.

Wakati ule hapakuwa na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Madaktari walijua kupima, basi. Sasa nani angezuia ugonjwa usiendelee?

MUUGUZI NA BARAZA

Palikuwa na muuguzi Mkenya, Elizabeth Ngugi, aliyekuwa akifundisha afya ya jamii Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye alikuwa profesa, na alifariki mwaka 2015. Yeye hakuanza kwa mahubiri wala kwa vitisho. Aliwaita wanawake wa Majengo kwenye baraza, akakaa nao, wakazungumza. Wanawake wenyewe wakachagua viongozi wao. Wakafundishwa VVU vinaambukizwaje na kondomu inatumikaje. Wakapewa kondomu bure, na penye zahanati wakatibiwa magonjwa ya zinaa bila kutukanwa.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1988. Kabla ya mafunzo, ni wanawake 10 tu kati ya kila 100 waliosema wamewahi kutumia kondomu. Baada ya mafunzo, katika kundi lililohudhuria mabaraza na kupata pia ushauri wa mtu mmoja mmoja, waliosema wanatumia walifika 80 kati ya 100. Walio katika kundi lililohudhuria mabaraza tu walifika 70. Na kumbe hata katika kundi ambalo halikupata mafunzo hayo, walifika 58! Maneno hayana uzio. Jirani anamwambia jirani, mwenye kondomu anamgawia asiye nayo.

Na je, ilisaidia? Ilisaidia sana. Waliotumia kondomu, hata wale ambao hawakutumia kila mara, hatari yao ya kuambukizwa ilipungua mara tatu.

KWA NINI MMOJA PEKE YAKE HAWEZI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Huenda unajiuliza: kama kondomu inazuia, kwa nini kila mwanamke asiamue mwenyewe tu? Baraza la nini?

Nitakujibu kwa korosho, maana hili mnalijua kuliko mimi.

Mkulima aliyeishiwa chakula mwezi wa nane anafuatwa na mlanguzi wa kangomba. Mlanguzi anampa fedha kidogo leo, ili msimu ukifika achukue korosho kwa kipimo chake mwenyewe. Je, mkulima hajui kwamba anapunjwa? Anajua sana! Lakini watoto wana njaa, na akikataa, mlanguzi anavuka kwenda kwa jirani. Jirani naye ana njaa. Ndiyo maana kuna chama cha msingi na mnada. Wote wakipeleka korosho ghalani pamoja, mnunuzi hana kwa kuvukia.

Basi mwanamke aliye peke yake chumbani Majengo alikuwa kama mkulima yule. Mteja anasema, "Bila kondomu nakuongeza fedha." Au anasema, "Hutaki? Mlango wa pili wanataka." Kodi ya chumba inadaiwa, mtoto hajala. Kujua hatari peke yake hakumsaidii. Elimu anayo, nguvu hana.

Lakini wanawake wa mtaa mzima wakikubaliana neno moja, mteja akivuka mlango wa pili anasikia neno lile lile. Mlango wa tatu, lile lile. Mwisho anatumia kondomu au anakwenda kulala kwake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya baraza ilikuwa kutafuta kidole cha pili, na cha tatu.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu na karatasi. Chora duara moja, mwanamke mmoja mwenye VVU. Sasa chora wanaume wanne wanaomjia kwa siku moja, maana ndicho kiasi walichokisia watafiti wa Majengo. Kila mwanamume mchoree mke au mchumba nyumbani. Kwa baadhi ya wake hao, chora mtoto tumboni. Zidisha kwa siku za mwezi. Karatasi imejaa, siyo?

Sasa angalia vizuri mchoro wako. Nani anatembea? Mwanamke yupo chumbani kwake. Anayetembea ni mwanamume: dereva, mnunuzi, mfanyabiashara, mtumishi anayesafiri kikazi. Yeye ndiye anayevuka kutoka duara moja hadi jingine, na mkewe kijijini hajui lolote.

Weka kondomu pale katikati, ufute mistari yote inayotoka hapo. Karibu mchoro wote umefutika. Mwaka 1991 watafiti walipiga hesabu ya namna hii kwa mpango wa Nairobi, uliohudumia wanawake wapatao 1,000. Walikadiria kwamba mpango ule ulizuia maambukizo mapya kati ya 6,000 na 10,000 kila mwaka, na kwamba kila ambukizo lililozuiwa liligharimu dola 8 hadi 12 tu za Marekani. Wengi waliookolewa walikuwa wateja, wake zao na watoto wao. Watu hawa hawakuwahi kukanyaga Majengo wala kujua kwamba kuna mwanamke aliyewalinda.

Kwa hiyo wale waliolaumiwa kwa kuleta ugonjwa ndio waliofanya kazi kubwa ya kuuzuia. Wasingeweza kuifanya kama wangekuwa wamekimbia na kujificha.

NA KWETU TANZANIA?

Huku kwetu wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Ugonjwa ulisafiri na watu, kwa malori, mabasi na meli.

Kati ya mwaka 1990 na 1993 shirika la AMREF liliendesha mpango kwenye vituo vya malori kando ya barabara kuu. Madereva walifundishwa na madereva wenzao, na wanawake wa mabaa na gesti walifundishwa na wanawake wenzao. Hawa ndio tunaowaita waelimishaji rika. Mtu anamsikiliza aliye katika hali kama yake. Mimi mwenye digrii nikifika baa na mabango yangu, nitachekwa. Lakini mhudumu aliyefanya kazi pale miaka sita akisema, "Dada, mteja akikataa kondomu fanya hivi," watu wanatega masikio.

Mwanza nako, kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti ulifanyika vijijini. Zahanati ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa, na maambukizo mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40 katika vijiji hivyo. Kidonda cha ugonjwa wa zinaa ni kama mlango ulioachwa wazi, VVU hupita kirahisi. Utafiti mwingine uliofanyika baadaye nchini Uganda kwa njia tofauti haukupata matokeo kama hayo, lakini kutibiwa mapema bado ni faida kwako kwa kila hali.

Mfano wa karibu zaidi ni Iringa. Kuanzia mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani vilishirikiana na wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mpango ulioitwa Shikamana. Jina lenyewe linasema yote. Wanawake walikuwa na kituo chao cha kukutania na waelimishaji rika wao. Wahudumu wa zahanati na polisi nao walielimishwa. Baada ya miezi 18, mahali penye mpango, kati ya kila wanawake 100 ambao mwanzoni hawakuwa na VVU, 5 walikuwa wameambukizwa. Mahali pasipo na mpango, walikuwa zaidi ya 10.

Miaka thelathini baada ya Majengo, jibu ni lile lile. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, lilishauri kuwaimarisha wanawake hawa wenyewe kama jamii.

BASI, TUKIWAKAMATA WOTE?

Sasa tunaweza kujibu swali la sandukuni. Ukiwafukuza wanawake hawa kwa virungu, hawaishi. Wanahama. Aliyekuwa Masasi anakwenda mji mwingine ambako hamjui mtu, hana mwenzake wa kumtetea, na haijui zahanati. Anaogopa kubeba kondomu, isije ikawa ushahidi. Akiumwa anajitibu kwa dawa za dukani. Dawa za VVU anaziacha. Na wateja? Wao hawakukamatwa. Wanamfuata huko huko. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini tujiulize pia ni nani aliyemlazimisha kuyaficha.

WEWE UNAHUSIKAJE?

Unasema, "Mimi ni mwanafunzi, haya ya Majengo na Iringa yananihusu nini?" Tazama hapa hapa plato yetu ya Makonde.

Msimu wa korosho ukifika, fedha zinaingia. Wafanyabiashara wanajaa, gesti zinajaa, uraka unanywewa, muziki usiku kucha. Na baadhi yenu mmepanga vyumba kwa sababu shule iko mbali na nyumbani. Mtu anakuja na pikipiki. Leo chipsi, kesho vocha, keshokutwa anasema atalipa kodi ya chumba. Halafu anadai "shukrani". Ukitaja kondomu anasema, "Kwani huniamini?"

Unaiona ile kangomba? Ni mtu mwenye fedha kumfuata mwenye shida, akiwa peke yake, kabla ya msimu wake. Na kama una umri chini ya miaka 18, rudia lile nililosema mwanzo: anayekosa ni yeye. Tangu mwaka 2016 sheria inatoa kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari.

Fanyeni kama wanawake wa Majengo walivyofanya, lakini kwa shabaha ya kusema hapana:

1. Wasichana mnaopanga nyumba moja au mtaa mmoja, wekeni neno moja. Hakuna anayekwenda peke yake, hakuna anayepokea zawadi kwa siri. Mwenzenu akiishiwa unga, changeni ninyi kwa ninyi. Kikombe kimoja kimoja cha unga kinaweza kumwokoa mtu.

2. Mchagueni mtu mzima mmoja wa kumweleza: mwalimu wa malezi, shangazi, bibi, muuguzi. Mkieleza mkiwa watatu, ni vigumu kuambiwa mmezua.

3. Wavulana, msikae pembeni mkicheka. Mteja wa kesho ni mvulana wa leo. Mkikubaliana kwamba kumnunua mtu au kumlazimisha si ushujaa, mmekata mistari mingi kwenye ule mchoro. Na kwa anayefanya ngono, kondomu kila mara, tangu mwanzo hadi mwisho.

4. Ukiona mwanamke wa baa akicheka na wenzake, mpite kwa salamu kama unavyompita mama au dada yeyote. Usimrushie neno. Siku moja atataka kwenda zahanati, na atakumbuka kama njia nzima ilimzomea.

YAFAAYO KUYAJUA

Kupima VVU: tangu mwaka 2019 sheria inakuruhusu kupima kwa ridhaa yako mwenyewe ukiwa na miaka 15, bila kungoja kibali cha mzazi. Majibu ni siri yako.

Ukibakwa, au kondomu ikipasuka: nenda kituo cha afya mara moja. Zipo dawa za kuzuia VVU visishike, lakini ni lazima zianzwe ndani ya saa 72. Mapema ndiyo bora. Usioge kwanza kama umebakwa, maana mwili wako una ushahidi.

Mwenye VVU: siku hizi anaishi. Akinywa dawa kila siku hadi kipimo kisivione virusi kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Jambo hili mwaka 1985 lingeonekana ndoto.

Vidonge vya kinga: kuna dawa anayotumia mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, kama yuko katika hatari kubwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2015. Muulize muuguzi kuhusu dawa hiyo. Haizuii mimba wala kaswende, kwa hiyo kondomu bado inahitajika.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mwanamke anayejua kila kitu kuhusu kondomu anaweza kushindwa kuitumia?

2. Katika ule mchoro wa maduara, ni nani asiyezungumzwa kabisa watu wanapolaumiana kuhusu UKIMWI? Kwa nini?

3. Taja mambo mawili ambayo mtaa wenu hubadilika msimu wa fedha. Yanawaleteaje hatari wasichana? Na wavulana je?

4. Kaeni katika makundi ya watano watano. Kila kundi litunge kanuni moja ambayo wote watano mko tayari kuifuata mwezi huu. Iandikeni, muitie sahihi, mkumbushane kila Ijumaa.

Kama bado una swali, usilale nalo. Liandike kwenye kikaratasi, litumbukize sandukuni. Jina lako hatulihitaji.

Masomo mema!